Tezi Chini ya Sikio

Saa kumi na mbili asubuhi, Uru, ukungu haujapanda.
Nimeshika taya la Semeni, mtamba wa Bi Ndeshukurwa,
kidole gumba kimekwama chini ya sikio:
palipokuwa na punje ya haragwe
pamelala yai la bata.

"Ameumwa na nyuki," anasema mwenyewe.
Sijibu. Nageuza sikio ndani nje.
Kupe watatu, rangi ya kahawa iliyokaangwa,
wamebanana kama waumini wa ibada ya kwanza.
Walipanda na mzigo wa majani kutoka tambarare,
kichwani mwa mtu, bila nauli.

Mwili una maji ya aina mbili, Bi Ndeshukurwa.
Mekundu yana moyo wa kuyasukuma.
Mengine ni meupe, kama uliyooshea mchele,
hayana haraka; huenda mnyama akienda,
husogezwa na hatua, na pumzi, na kucheua.
Ni kama mfongo huu unaopita nyuma ya migomba yako:
kila penye njia panda pana mtu wa zamu,
maji husimamishwa, huonjwa tope lake,
ndipo huruhusiwa kushuka.

Hao wa zamu, chuoni tuliwaita limfosaiti.
Wamezaliwa ubohoni, wengine wakapelekwa jando
kwenye nyama laini ya kifua cha ndama,
ile ambayo mchinjaji huijua, na ambayo huyeyuka
mwenye nayo akikua.
Huko kuna swali moja. Unaonyeshwa mwili wako:
huyu nani?
Anayejibu "adui" hatoki.
Hutoka wachache,
na kila mmoja anajua sura moja tu ya mgeni,
moja, na huenda akazeeka hajaiona.

"Sasa walikuwa wapi?" anauliza.

Walikuwa papo hapo. Ndilo tatizo.
Ndigana kali havunji mlango.
Anaingia ndani ya mlinzi mwenyewe, anaketi,
anamnong'oneza: zaa.
Naye anazaa. Wawili, wanne, wanane,
kila mtoto na mgeni wake tumboni.
Hilo yai ulilolishika
ni walinzi waliosahau kazi, wanaongezeka.

Nachoma sindano, navuta tone, napaka kwenye kioo.
Mjini, chini ya hadubini, nitaona madoa ya buluu
ndani ya seli, yametulia,
kama mpangaji aliyebadilisha kufuli.

Babu yangu alizichoma tezi hizi kwa chuma cha moto.
Alikosea dawa. Pahali hakukosea.

"Lakini alinyonya dang'a. Nilisimama mwenyewe, usiku, nikahakikisha."
Ulifanya vema. Dang'a ni mkopo wa mama:
unalinda miezi, kisha unaisha,
na hata ukiwepo, hauingii chumbani
mgeni akishafunga mlango.
Kuna wa zamu wengine, wauaji, wanaobisha seli moja moja
na kuinusa kwa nje. Hao tungewafundisha mapema:
ugonjwa wenyewe kwa sindano moja, dawa kwa nyingine,
siku hiyohiyo, ndama aumwe kidogo
na akumbuke.

Ananitazama. Anajua nilikuja Machi na hereni za plastiki,
nikachanja kwa Elinaja, kwa Mangowi,
na yeye alikuwa na ada ya mjukuu.
Sikumkumbusha.

Dawa ni nyekundu. Bei yake inamkalisha kwenye ndoo.
Anafungua fundo la kanga, anahesabu,
anahesabu tena kama vile noti zingeweza kuzaa.
Namdunga Semeni shingoni. Anapumua kwa kelele,
povu puani. Homa arobaini na moja na nusu.
Siahidi.

"Akipona, zitakumbuka?"
Zitakumbuka.
"Mimi sikumbuki nilikoweka mundu."

Nashuka na pikipiki, tone la Semeni mfukoni,
na kwenye kona ya kanisa naachia mkono mmoja,
napapasa chini ya sikio langu.